Sheria Ianzie Kiwandani, Isianzie Kwenye Kikaango

Hotuba kwa wazazi, walimu na wauza chakula, Busia, Uganda

Bwana Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, walimu wetu, akina mama wa soko, vijana wa chapati na chipsi, na ninyi wageni mliovuka mpaka kutoka ng'ambo ya pili, Kenya, hamjambo. Wazee wangu, shikamooni.

Kabla sijaketi pale mbele, kijana mmoja mwenye unga hadi viwikoni amenivuta kando akaniuliza: "Mzee, umekuja kutufungia?" Nikamwambia hapana. Hakuniamini, na simlaumu. Katika nchi yetu mtu wa serikali akitaja afya mbele ya muuza chakula, kinachofuata mara nyingi ni kibanda kupinduliwa, jiko kupakiwa kwenye pikapu, na mwenye jiko kulifuata hadi ofisini akiwa na noti mkononi. Penye udhia, penyeza rupia. Kwa hiyo niseme mapema ninaposimama. Mimi nataka serikali iingie katika suala hili la vyakula vya haraka, tena iingie kwa nguvu. Ila naitaka iingie kwa mlango mwingine kabisa.

Mada niliyopewa inauliza kama unene, presha na kisukari ni jukumu la mtu mwenyewe au la serikali. Nimeusikia mjadala huu redioni, kwenye teksi, hata msibani, na upande unaopigiwa makofi siku zote ni ule wa "kila mtu na mdomo wake." Hakuna aliyekushikia bunduki ule chipsi. Msidhani naidharau hoja hiyo. Inamheshimu mtu mzima kama mtu mzima, na mimi mwenyewe sitaki serikali ya kunihesabia vijiko vya sukari.

Wamarekani waliipeleka mpaka mahakamani. Mwaka 2002 wasichana wawili wa Bronx, New York, kupitia wazazi wao, waliishtaki McDonald's wakisema chakula chake kimewanenepesha na kuwatia maradhi. Mwaka uliofuata Jaji Robert Sweet aliitupa kesi ile: mtu anayejua, au anayepaswa kujua, kwamba kula kupita kiasi kutamdhuru, asije kuililia sheria. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi likapitisha muswada wa kuzikinga kampuni za chakula na kesi za namna hiyo. Seneti haikuupitisha, lakini majimbo zaidi ya 20 yalitunga sheria zao za mwelekeo huohuo.

Watu wengi huishia hapo. Lakini hukumu ya yule jaji imesimama juu ya nguzo moja, nayo ni kwamba mlaji anajua anachokula. Na yeye mwenyewe alitia shaka. Alisema vile vipande vya kuku vya kampuni ile si kuku wa kukaangwa kama tunavyomjua. Vimetengenezwa kwa viambato ambavyo mpishi wa nyumbani hana, na huenda mlaji wa kawaida hajui hatari iliyomo.

Sasa tuilete nguzo hiyo Busia. Anayekula chipsi pale stendi ya malori, anajua nini kuhusu mafuta yaliyozikaanga? Tena mwacheni mlaji. Muuzaji anajua nini? Mafuta hufika hapa kwa madumu ya lita 20, dukani yanapimwa kwa kikombe au kufungwa kwenye kifuko kidogo. Dumu lina lebo. Kikombe hakina. Kijana ananunua kikombe, anakaanga asubuhi, anayafunika, anakaanga jioni, anaongeza kikombe kingine juu ya yale ya jana. Hajawahi kuona hata jina la kiwanda. Ukimwambia huyo "jukumu ni lako," unamtwisha mzigo ambao hata wewe huwezi kuubeba.

Naomba nikae kidogo kwenye mafuta, maana hapa ndipo penye nyama ya maneno yangu.

Mafuta ya maji yakitiwa haidrojeni kiwandani huganda. Yakiganda hukaa rafuni muda mrefu bila kuchacha, na maandazi na keki zake hupendeza. Lakini yakigandishwa nusu tu, ndani yake huzaliwa kitu ambacho wataalamu huita mafuta ya transi. Haya hupandisha ile lehemu mbaya, yaani kolesteroli, inayoziba mishipa na kushusha ile nzuri, na mwili hauyahitaji kwa lolote. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote zichague moja kati ya mawili: kupiga marufuku mafuta yaliyogandishwa nusu, au kuweka kikomo cha gramu 2 za transi katika kila gramu 100 za mafuta.

Denmark ilikuwa imeshaweka kikomo hicho tangu 2003. Afrika Kusini iliweka mwaka 2011. Jiji la New York liliamua mwishoni mwa 2006 kuyaondoa mikahawani. Baadaye watafiti wakalinganisha wilaya za jimbo la New York zilizopiga marufuku na zile ambazo hazikufanya hivyo, wakakuta kwamba baada ya miaka mitatu au zaidi, wagonjwa waliolazwa kwa shambulio la moyo au kiharusi walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 6 katika wilaya zenye marufuku. Na chipsi za New York zikabaki chipsi. Mlaji hakulazimika kubadili mazoea yake. Amri ilishuka kwa mwenye mkahawa, mlaji akaendelea kula, na moyo wake ukapata nafuu bila yeye kuitwa kwenye semina.

Jiji hilohilo, meya yuleyule Michael Bloomberg, mwaka 2012 likajaribu kuzuia vikombe vya soda vya kuzidi aunsi 16, karibu nusu lita. Wananchi wakacheka, kampuni zikashtaki, na mwaka 2014 mahakama ya juu ya jimbo ikaiua amri ile kwa sababu bodi ya afya ilijipa mamlaka ya watunga sheria. Mimi naziweka amri hizi mbili pamoja kila ninapozungumza na madiwani. Moja iligusa kilichomo ndani ya chakula, nyingine iligusa kikombe mkononi mwa mtu. Ya kwanza ipo mpaka leo.

Mtu ataniambia hizo ni nchi za watu, sisi serikali yetu haijaingia kwenye sahani. Imeingia zamani! Chumvi unayotia kwenye maharage ina madini joto kwa amri ya serikali, tangu miaka ya 1990, na rovu lililokuwa likiwatesa watu wa milimani limepungua bila mtu kuulizwa kama anapenda. Tangu 2011 viwanda vikubwa vinatakiwa kuongeza virutubisho katika unga wa ngano na wa mahindi, na vitamini katika mafuta ya kupikia. Umewahi kumsikia mtu akilia kwamba uhuru wake umeibwa kwa kutiwa vitamini A kwenye chapati?

Na kuna kuingia kwa aina nyingine. Kule Kalangala, visiwani, mashamba ya michikichi hayakuota yenyewe. Serikali ilitafuta mkopo wa IFAD, ule Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, ikatafuta ardhi, ikamkaribisha mwekezaji, msitu ukakatwa na michikichi ikapandwa. Sina ugomvi na mkulima wa Kalangala, amepata nyumba na ada ya watoto. Lakini tusidanganyane. Mafuta ni rahisi kupatikana kuliko mboga kwa sababu watu walikaa mezani wakaamua iwe hivyo, wakatia fedha ya umma. Halafu mtu huyohuyo aliyekaa ile meza anakuja kwenye mkutano kama huu na kutuambia tupunguze mafuta, ni jukumu letu.

Tena kuna wakati hata uamuzi haukuwa wa Kampala. Aprili 2022 Indonesia ilipozuia mawese yake yasitoke nje, huku vita vya Ukraine vimeshakaba mafuta ya alizeti, bei hapa ilipanda hadi wakaangaji wa samaki wa Majanji wakashika vichwa. Walifanya nini? Walirudia mafuta. Mafuta ya siku moja yakawa ya siku tatu, yakawa meusi, yakawa yanatoa povu na harufu. Nani alichagua pale? Mama aliyekuwa akiokoa mtaji wake?

Sasa niseme neno juu ya rolex, maana naona nyuso zimekunjamana. Jamani, rolex haina kesi na mimi. Mayai mawili, nyanya, kabeji, kitunguu, ndani ya chapati iliyotokana na ile waliyokuja nayo Wahindi wakati wa reli. Kwa shilingi zake ni mlo mzuri kuliko soda na biskuti, na kuliko mengi yanayouzwa ndani ya vioo na viyoyozi kule Kampala kwa bei mara kumi. Kikomando nacho, chapati na maharage, kimesomesha vijana wangapi wa Makerere? Wanaoviona vyakula hivi kuwa uchafu wa mjini mara nyingi hawachukii mafuta, wanamchukia maskini aliyesimama barabarani. Tatizo la chapati ni kimiminwacho juu yake, na ukubwa wake unaoongezeka kwa sababu unga na mafuta ni rahisi kuliko yai.

Hali yetu ya afya msiione ndogo. Utafiti wa Wizara ya Afya wa mwaka 2014 ulikuta takriban mtu mzima mmoja katika wanne ana shinikizo la damu, na wengi hawakuwa wakijua. Uchunguzi wa afya na idadi ya watu wa 2016 ulikuta asilimia 24 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi. Na uchunguzi huohuo ulikuta asilimia 29 ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Zipo nyumba ambazo mama ana kilo nyingi na mtoto amedumaa, chini ya paa moja, chungu kimoja. Ndiyo maana namwogopa mtu anayekuja na kodi ya jumla juu ya kila kilicho na mafuta. Atampunguzia shibe yule ambaye tayari amepungukiwa.

Soda ni habari nyingine, maana soda si shibe. Soda ya kawaida ina sukari gramu 10 hivi kwa kila mililita 100. Chupa ya nusu lita imebeba vijiko vya chai 12 na zaidi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 50 kwa siku, na ingekuwa bora asipite 25. Chupa moja inamaliza siku nzima, na bado hajanywa chai, nasi tunajuana na chai yetu.

Soda za Uganda tayari zinalipa ushuru wa bidhaa. Lakini ushuru huo huangalia bei na ujazo, hauulizi sukari. Mwenye kiwanda akipunguza sukari nusu, anailipa serikali vilevile. Atapunguzaje? Uingereza walifanya kwa akili. Walitangaza mwaka 2016, wakaanza kutoza Aprili 2018: chini ya gramu 5 kwa mililita 100 hulipi kitu, kuanzia gramu 5 unalipa, ukifika 8 unalipa zaidi. Kabla siku ya kuanza haijafika, zaidi ya nusu ya watengenezaji walikuwa wameshapunguza sukari wenyewe ili wakwepe kodi. Kodi bora kuliko zote ni ile ambayo mtu anaikwepa kwa kufanya ulichotaka afanye. Mexico walikwenda moja kwa moja, peso moja kwa lita kuanzia Januari 2014, na mwaka wa kwanza ununuzi wa soda ulishuka kwa asilimia 6 hivi, maskini wakipunguza zaidi kuliko wengine.

Ninyi watu wa Busia mmeshaanza kutabasamu, nami najua kwa nini. Kodi ikipanda upande huu, kreti zitavuka usiku kwa njia za panya kutoka upande ule. Hilo limetokea hata Ulaya. Denmark, waliofaulu vizuri kwenye mafuta ya transi, mwaka 2011 walianzisha kodi ya mafuta juu ya siagi, nyama na jibini. Watu wakapanda magari, wakavuka kwenda Ujerumani kununua siagi. Kufikia Januari 2013 kodi ilikuwa imefutwa. Kwa hiyo ushuru wa sukari ukiwekwa na Kampala peke yake, mji huu utakuwa wa kwanza kuuchana. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki forodha ya nje ni moja tangu 2005, lakini ushuru wa bidhaa kila nchi inajiwekea wake. Mambo haya yanapaswa kubanwa Arusha, na wabunge wetu wa Afrika Mashariki wanafaa kuulizwa wanafanya nini kule.

Nije kwa watoto, ambako ile hoja ya jukumu la mtu binafsi inakosa hata mguu wa kusimamia. Sheria ya Elimu ya 2008 imeandika waziwazi kwamba kulisha mwanafunzi ni kazi ya mzazi. Sawa. Mzazi wa hapa anaondoka alfajiri kwenda sokoni, anaacha shilingi 500 au 1,000. Mtoto wa miaka tisa anafika getini na sarafu yake, na pale getini kuna kabalagala (vitumbua vya ndizi), pipi, barafu za rangi, vifuko vya juisi isiyowahi kuonana na tunda. Na juu ya geti, bango lenye jina la shule limepambwa kwa nembo ya soda, maana kampuni imelipia rangi. Mwalimu mkuu hana fedha ya bango, simhukumu. Ila tunafundisha nini darasani kuhusu meno na sukari, halafu mtoto anaingia na kutoka chini ya nembo ile kwa miaka saba?

Chile walilikabili hili Juni 2016. Chakula cha pakiti kilichozidisha sukari, chumvi, mafuta au nishati kinabandikwa alama nyeusi yenye pembe nane, moja kwa kila kosa. Chenye alama hakiuzwi shuleni, wala hakitangazwi kwa watoto, na wale wanyama wa katuni waliokuwa kwenye maboksi ya nafaka wakafutwa. Ununuzi wa vinywaji vyenye alama ulipungua karibu robo. Naipenda alama ile kwa sababu hata asiyejua kusoma anaiona.

Tusiseme Uganda hatuwezi. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2015 iliondoa matangazo ya sigara na kukataza kumuuzia aliye chini ya miaka 21. Mwaka 2019 waragi, ile pombe kali, wa vifuko uliondolewa madukani, ikaamriwa chupa isipungue mililita 200, na bei ya kulewa ikampita mtoto wa shule. Lakini tukumbuke na kaveera, ile mifuko ya plastiki. Imepigwa marufuku, ikatangazwa, ikatangazwa tena, na hivi sasa humu ndani nikihesabu kaveera mikononi mwenu sitamaliza. Tofauti naiona hivi: waragi wa vifuko ulitoka kwenye viwanda vinavyojulikana, mkaguzi anajua lango. Kaveera ikaachiwa ipambane na mgambo na mama wa nyanya. Sheria yetu ya Chakula na Dawa ni ya 1959, kabla ya uhuru. Iliandikwa na watu walioogopa maziwa kutiwa maji na nyama kuoza. Chakula kinachotuua leo ni safi, kimefungwa vizuri, na tarehe yake haijapita.

Je, mtu mwenyewe hana lake? Analo. Chumvi anayoinyunyiza kabla hajaonja ni yake. Wazee wenzangu, muchomo, yaani nyama choma, wa kila jioni na bia mbili juu yake, halafu bodaboda hadi mlangoni, hapo msimtafute waziri. Nendeni mkapime presha, kituo cha afya kipo na mkanda wa kupimia upo. Bima ya afya ya taifa Bunge lilipitisha muswada wake Machi 2021 na haikupata saini, kwa hiyo kiharusi chako kitalipwa na ng'ombe wa ndugu zako.

Ninayoyaomba kwa serikali si mengi. Kikomo cha mafuta ya transi, kipimwe kiwandani na mpakani na Shirika la Viwango, matokeo yachapishwe kwa jina la mafuta. Ushuru wa soda ufuate gramu za sukari, na uwekwe pamoja na majirani zetu. Nembo za soda zishuke kwenye mabango ya shule, na fedha ya rangi itoke kwenye ushuru huohuo. Na kwa vijana wa vikaango: mafunzo ya kuchuja na kubadilisha mafuta kwa wakati, kabla ya faini yoyote, na njia ya kuyauza yale machafu kwa watengeneza sabuni badala ya kuyarudisha kwenye chapati.

Miswada ya kodi hufika bungeni kabla ya Aprili, na bajeti lazima ipitishwe kufikia tarehe 31 Mei. Kati hapo kamati ya fedha hupokea maoni, na watu wa viwanda huenda na mawakili wao na karatasi zilizochapwa vizuri. Sijasikia ujumbe wa wakaanga samaki ukienda. Walimu wetu hapa wanaweza kuandika ukurasa mmoja, Mwenyekiti akaugonga muhuri, na mbunge wetu wa wilaya akaupeleka. Nimeshamwomba Mwenyekiti aliweke jambo hili kwenye ajenda ya kikao kijacho cha shule, naye amekubali mbele ya mashahidi.

Niko tayari kwa maswali, tuanze na akina mama.